Jina Alilolisoma Mara Mbili

Mheshimiwa Seneta unayetuongoza katika hafla hii ya kumuaga karani wetu wa orodha. Waheshimiwa Maseneta mlioko kazini, nanyi mliostaafu mkakumbuka njia ya kurudi. Mchungaji wetu, unayefungua kila kikao kwa sala hata siku ambazo wanaokusikiliza ni watatu. Ndugu Katibu wa Seneti. Makarani wa meza, walinzi wa milango, waendesha lifti. Wenzangu wa jikoni ambao mmevua aproni dakika tano tu zilizopita. Na wewe mwenyewe, Bi. Cordelia Standifer, uliyekaa hapo mbele na kofia yako ya Jumapili ukijifanya huoni kuwa watu wote wanakutazama: nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni Earline Gaskins. Wengi wenu mnanijua kwa supu. Nimepika supu ya maharage meupe katika chumba cha chakula cha Maseneta kwa miaka ishirini na sita, na wapo humu Waheshimiwa ambao hawajui jina langu lakini wanajua siku ambayo mkono wangu umezidisha chumvi. Kusimama mbele ya kipaza sauti si kazi yangu, kazi yangu ni kusimama mbele ya sufuria. Nilipoambiwa kuwa Bi. Cordelia mwenyewe ameomba mimi nizungumze, nilimuuliza, "Dada, mimi niseme nini mbele ya watu waliosoma?" Akanijibu, "Sema ya kweli, kisha ukae." Basi nitasema ya kweli. Kukaa ndiko kutakakochelewa kidogo.

Ndugu zangu, karani wa orodha hufanya nini hasa? Wageni wanaopanda kule juu kutazama kikao hudhani anasoma majina tu. Bwana huyu, Bibi yule, ndiyo, siyo, basi. Mjukuu wa mtu aliwahi kuniuliza kama mashine haiwezi kufanya kazi hiyo. Nikamwambia mashine inaweza kusoma, lakini haiwezi kumtazama mtu. Na Bi. Cordelia, kwa miaka thelathini na moja, alisoma akitazama. Maseneta mia moja, kila mmoja na namna yake ya kupiga kura: huyu anainua kidole kimoja, yule anatikisa kichwa kama farasi, mwingine anasema "ndiyo" kwa sauti ya mtu anayekataa. Yeye aliwajua wote. Na alikuwa na desturi yake moja, ambayo haimo katika kitabu chochote cha kanuni: wakati wa kurudia orodha kwa sauti, kabla mwenyekiti hajatangaza matokeo, Seneta yeyote aliyekuwa ameipa meza mgongo, jina lake alilisoma mara mbili.

Shikeni hapo, maana hapo ndipo mimi na yeye tulipokosana.

Mtakumbuka ule mwaka wa mvutano. Miaka tisa imepita. Fedha za kuendesha serikali zilikuwa zinaisha siku ya mwisho ya Septemba, na palikuwa na muswada mdogo wa matumizi ya muda, wa wiki chache tu, ili milango isifungwe watu wakiwa bado wanabishana. Muswada mdogo, lakini ulikuwa umebebeshwa mzigo mkubwa. Yalikuwa yameletwa marekebisho ya kuahirisha ile sheria ya afya kwa mwaka mzima, sheria iliyokuwa inangojewa ianze kazi Januari. Hapa sikuja kubishana juu ya sheria hiyo. Humu ndani wapo walioipenda na walioichukia, na wote wamekula supu yangu. Lakini inanibidi niwaambie ilivyonigusa mimi.

Binti yangu Renita alikuwa na miaka ishirini na nane. Ni msusi, ana mikono myepesi kuliko mikono yote ya mtaa wetu wa Anacostia. Na alizaliwa na kilango kibovu cha moyo. Alipokuwa mdogo kilimvumilia, alipokua kikachoka. Kampuni za bima zilikuwa zikisikia neno "moyo" zinafunga faili. Sheria ile mpya ilisema hawawezi tena kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa aliokuja nao. Daktari alituonyesha picha ya moyo wa mwanangu, akaniambia kwa upole, "Mama, Januari tunaweza kusubiri. Mwaka mwingine juu ya huo, siwezi kukuahidi." Kwa hiyo wakati watu wanasema "ahirisha mwaka mmoja" kama wanaahirisha mchezo wa mpira kwa sababu ya mvua, mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mtu ngazini.

Asubuhi ya kura, jikoni hakuna aliyekaa mbali na ile runinga ndogo juu ya friji. Kura haikuwa juu ya marekebisho yenyewe. Ilikuwa hoja ya kuyaweka kando, na wageni wa nyumba hii huchanganyikiwa hapo: anayesema "ndiyo" anayaua marekebisho, anayesema "siyo" anayaacha hai. Maseneta tisini na tisa walikuwepo, mmoja alikuwa hospitali. Sote tulijua mahesabu. Tulikuwa tunashindwa kwa kura moja.

Basi ikafika zamu ya Mheshimiwa Halvorsen. Mheshimiwa, nakuona pale na fimbo yako, na nilikuomba ruhusa kabla sijaanza. Mheshimiwa Halvorsen, mnamjua, ni mtu wa nchi za ngano, na sheria ile ya afya hakuipenda hata chembe. Aliyataka yale marekebisho kuliko mtu yeyote. Lakini alikuwa hajalala siku mbili, alisikia neno "marekebisho", na kichwa kikajibu kabla ya masikio kumaliza kazi. Akasema kwa sauti kubwa, wazi kabisa: "Ndiyo!" Kisha akageuka, akaanza kuelekea mlangoni akitafuta koti lake.

Jikoni kwetu palilipuka. Otis, mwosha vyombo wetu, aliinua kikaango kama bendera. "Mzee kalala! Jamani, mzee kapiga kura upande wetu akiwa usingizini!"

"Nyamaza, Otis, wasije wakamwamsha," alisema mmoja wetu.

Na mimi? Mchungaji, haya ninayoyasema sasa niliwahi kuyasema kwa Mungu tu. Mimi nilishika ukingo wa sinki, nikafumba macho, nikaomba. Niliomba hivi: Bwana, mwache atoke. Mwache afike mlangoni. Mimi, shemasi mwanamke wa kanisa la Kibaptisti, mwalimu wa shule ya Jumapili, niliomba kosa la mtu mwingine lisimame.

Kule ukumbini Bi. Cordelia akaanza kurudia orodha. Waliosema ndiyo: Bwana fulani, Bibi fulani. Akafika kwa Halvorsen. Akasoma, "Bwana Halvorsen." Mzee anaendelea kutembea, mgongo kwetu, mkono umeshafika kwenye koti. Bi. Cordelia akakatiza kusoma. Akanywa maji. Mimi nikasema kwa sauti, mbele ya wote jikoni, "Cordelia, usifanye hivyo." Kana kwamba runinga inasikia. Na yeye akasoma tena, polepole, kila herufi imekaa mahali pake: "Bwana Halvorsen, ndiyo."

Mzee akageuka kama aliyeitwa na mama yake mzazi. Akashika kipaji cha uso. "Bibi Karani," akasema, "hapana. Siyo. Mimi ni siyo."

Hamsini kwa arobaini na tisa ikageuka arobaini na tisa kwa hamsini. Marekebisho yakabaki hai, na jiko lote likageuka kunitazama mimi.

Nilimkuta Bi. Cordelia nje ya ukumbi, anatoka kupumzisha koo. Sikumsalimu. Nilimwambia, "Ulijua habari za Renita."

"Nilijua," akasema. "Leo alfajiri nilimtaja kwa jina kwenye sala."

"Ulimtaja kwa Mungu, kisha ukaja huku ukamsukuma!"

"Dada Earline, mtu alikuwa amenipa mgongo."

"Si ungesoma mara moja ukapita? Nani angekulaumu? Kanuni inakutaka mara moja! Mara moja tu, Cordelia!"

"Kanuni ndiyo. Lakini miaka ishirini na mbili nimemsoma mara mbili kila anayenipa mgongo. Mwaka juzi nilimwokoa hivyohivyo mtu wa upande unaoupenda wewe, ukanipikia keki. Leo nikisoma mara moja kwa sababu nampenda mwanao, basi kesho mimi si karani tena. Mimi ni Seneta wa mia moja na moja, na hakuna aliyenichagua."

Nikamwambia neno baya. Nilimwambia, "Mungu hakukupa mtoto ndiyo maana." Ndiyo, nilisema. Alirekebisha miwani yake, akarudi ndani kazini. Bi. Cordelia, sikuwahi kulitaja neno lile tena hadi leo, na wewe hukuwahi kunikumbusha hata kwa jicho.

Sasa sikilizeni alichokwenda kufanya huko ndani. Viongozi wa pande zote mbili walijua kuwa muswada ukienda na marekebisho yale, Rais hatatia sahihi, na milango itafungwa. Walihitaji muda wa kuzungumza katika vyumba vya makoti, vile vya faragha nyuma ya ukumbi. Na katika nyumba hii muda unapatikana kwa njia moja ya kizamani: mtu anasimama, anadai akidi ihesabiwe, karani anaanza kuita majina, na wakati majina yanaitwa hakuna kingine kinachofanyika. Akiyamaliza na watu hawajafika, kikao kinakwama. Kwa hiyo karani anayejua kazi hayamalizi. Anasoma jina moja, anangoja. Anasoma jingine, anangoja. Kutoka saa sita mchana hadi saa kumi, Bi. Cordelia alikaa kwenye kiti kile na kuita majina katika ukumbi mtupu, na hakukubali kupokewa zamu hata mara moja.

"Amefika wapi?" tuliulizana jikoni.

"Bado yuko herufi ya C," akasema Otis. "Kwa mwendo huu akifika Z, Yesu atakuwa ameshakuja na kuondoka."

Nilicheka, jamani, na sikutaka kucheka. Kwa sababu nilimjua. Nilijua mgongo wake unamuuma. Mtu niliyekuwa nimemkasirikia hivyo alikuwa amekaa pale akiwanunulia muda watu wote, walioipenda sheria na walioichukia, kwa sauti yake tu.

Mheshimiwa Halvorsen akaja kula na wenzake wawili wa upande wake. Nikaenda mwenyewe kuwapa supu. Na hapa naungama dhambi ya tatu: ya Mheshimiwa niliichota kwenye sufuria iliyokwisha kuzimwa moto.

Akaonja, akaweka kijiko. "Bi. Earline, supu hii ni ya baridi."

"Leo jiko lina hasira, Mheshimiwa."

"Na mimi?"

"Na wewe ukiwa wa kwanza."

Akanitazama sana, kisha akaila yote. Mimi nikabaki karibu, nikifuta meza iliyokuwa safi. Wenzake walikuwa wanamwambia wasikubali lolote. Upande wa pili ulikuwa umewatolea ahadi: ondoeni marekebisho kwenye muswada huu, nasi tutawapa siku yenu ya kura majira ya kuchipua, sheria ya afya peke yake, bila kuibebesha serikali nzima.

"Ahadi ya wale," akasema mwenzake mmoja, "ni theluji ya Aprili. Ukigeuka imeyeyuka."

"Mimi siwaamini wao pia," akasema Halvorsen. "Lakini leo asubuhi nilikuwa naondoka na koti langu, nimejiharibia mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na faida ya kuniita. Nusu ya jengo hili ilikuwa inaomba nifike mlangoni." Mheshimiwa, hukujua wakati ule kwamba nusu hiyo ilikuwa imesimama nyuma yako na kitambaa cha kufutia. "Yule mama aliniita. Ahadi ikiingia kwenye daftari la meza ile, siku ikifika itasomwa. Awe anatupenda, awe hatupendi, itasomwa. Hilo naliamini, na ninyi mliona kwa macho yenu."

Wakabishana bado. Yule wa theluji alipiga meza mara mbili. Lakini nilimwona akigeuka kutazama runinga ya ukutani, pale ambapo sauti ilikuwa inaita jina moja kwa dakika tatu, na akasema, "Basi, iandikwe."

Saa kumi na dakika chache marekebisho yaliondolewa na ahadi ikaandikwa daftarini. Muswada ukapita, upande wa pili wa jengo, kule kwa Wawakilishi, nao ukakubali kabla ya chakula cha jioni, na kesho yake milango ilikuwa wazi. Sheria ya afya ikaanza Januari kama ilivyopangwa. Februari, Renita alipasuliwa kifua na akawekewa kilango kipya. Na mwezi wa Aprili, siku iliyoandikwa ilipofika, ilisomwa, kama mzee alivyosema. Halvorsen alipiga kura kuifuta sheria ile, akashindwa kwa kura mbili, akaja kula, nami nikampa supu ya moto. Hatukukubaliana siku ile na hatukubaliani leo. Si ndivyo, Mheshimiwa? Naona unaitikia kwa kichwa. Safari hii nimekusoma vizuri.

Ndugu wageni waalikwa, ningeweza kuishia hapo, mkapiga makofi, tukakata keki. Hadithi ingekuwa nzuri: karani mwaminifu alisoma haki, na haki ikamlipa kila mtu. Lakini aliniambia niseme ya kweli.

Baada ya upasuaji nilikwenda nyumbani kwake. Nilikwenda kushukuru, sikwenda kuomba msamaha. Kuna tofauti, na yeye aliiona. Nilimwambia, "Dada, kumbe kusoma kwako kule ndiko kulimwokoa mwanangu." Nilitaka akubali, tulie pamoja, yaishe. Akanimiminia chai, akaniambia: "Usinishukuru kwa hilo, Earline. Mimi sikujua litakwenda wapi. Kama lingekwenda kule kwingine, ningekuwa nimelisoma vilevile."

Nilikunywa chai yangu, nikaenda. Neno lile nimekaa nalo miaka tisa. Nimekaa nalo kanisani, benchi moja na yeye, kitabu kimoja cha nyimbo mikononi mwetu. Kwa sababu lilikuwa linaniuliza jambo: na wewe je? Kama lingekwenda kule kwingine, kama Renita asingefika Februari ya mwaka wa pili, je, leo ungekuwa umesimama hapa umevaa vizuri, unamsifu mwanamke huyu?

Mbele za Mungu, nawaambia: hapana. Nisingekuja. Ningemchukia hadi kaburini, na watu wangenihurumia, na wangesema nina haki.

Na yeye alilijua hilo! Hilo ndilo ninalotaka mlibebe kutoka humu, ninyi makarani vijana mtakaokalia kiti chake Jumatatu. Msidhani alisoma jina lile kwa sababu ni mtu baridi, au kwa sababu hakuna lililomgusa. Nimewaambia kwamba alikunywa maji. Mimi namjua tangu tuko wasichana wa kwaya, na Cordelia hanywi maji katikati ya orodha. Katika yale maji alimwona Renita, ambaye alimbeba siku ya kuwekwa wakfu kanisani, na akaniona mimi, rafiki yake wa pekee katika mji huu, ninaondoka. Kisha akaweka bilauri chini, akasoma.

Hana mume, hana mtoto. Siku ile alirudi nyumbani kwake peke yake, akiwa na neno langu lile baya masikioni, bila kujua kama atawahi kuwa na mtu wa kukaa naye tena Jumapili. Na asubuhi yake alikuja kazini kabla yangu.

Bi. Cordelia, dada yangu, nimechelewa miaka tisa. Nilikushukuru wakati nilipopaswa kukuomba radhi. Leo naomba radhi, kwa neno nililokuambia nje ya ukumbi, na kwa sala niliyoomba kwenye sinki. Nimechagua kuomba hapa, mbele ya Waheshimiwa, mbele ya Mchungaji, mbele ya Renita aliyesimama pale mlangoni mzima wa afya, na mbele ya wale mabwana wa kumbukumbu ambao naona hata leo hawawezi kujizuia kuandika. Andikeni, ndugu zangu. Andikeni kwamba Earline Gaskins alikosa, na kwamba Cordelia Standifer alikuwa na haki siku ile asubuhi, saa tano, kabla mtu yeyote hajajua mambo yataishaje.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Sasa nakaa.